Sato Wawili Kwenye Sendofu ya Tekla

Ijumaa asubuhi, Mwanza. Safari hii ilianza na Tekla, binti wa shangazi yangu wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi na alitaka mimi niwe mpambe wake. Shangazi alikubali kwa sharti moja, alilolirudia kwenye simu mara tatu: nije na heshima. Nilimwelewa. Mimi nachora tatuu katika chumba kidogo pale Mkuyuni. Nina dredi zinazofika kiunoni, kipini puani, na kwenye mkono wa kushoto nimejichora mwenyewe samaki aina ya sato, gamba kwa gamba.

Nilifuatana na rafiki yangu Hanna, Mzungu anayefundisha hesabu Kiseke, aliyekuwa na hamu ya kuiona Ukerewe. Hanna ana vipete viwili mdomoni, matundu ya masikio yanayopitisha kidole, na mikono iliyojaa michoro. Sato wa mkononi mwake nilimchora mimi, pacha wa huyu wangu.

Ndani ya meli alikaa kati yetu mama mmoja mwenye mkoba mkubwa. Alinitazama kuanzia dredi hadi viatu, akauhamisha mkoba upande wa pili, kisha akamwomba Hanna amshikie wakati anakwenda kununua chai. Hanna akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikamwambia ndiyo kwanza tunaonana. Mama aliporudi alinishauri, kwa upole kabisa, niache bangi. Mimi hata sigara sijawahi kuonja. Hanna, anayemaliza pakiti kwa siku, alitikisa kichwa kwa masikitiko kama mchungaji.

Mchana, Nansio. Shangazi alitupokea gatini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari ananifunika mabega na mikono kwa kanga. Nyumbani wanawake walimzunguka Hanna. Waligusa vipete vyake, wakachungulia matundu ya masikio, wakakubaliana kwamba Wazungu wanajua kujipamba. Hakuna aliyemuuliza kama wazazi wake wana taarifa.

Jioni Shangazi aliniita pembeni. Mpambe, alisema, angekuwa binti wa jirani. Mimi nisaidie jikoni. Hanna angekaa meza ya mbele, maana angependeza kwenye picha. Sikulia, ila nilikata vitunguu vingi kuliko pilau ilivyohitaji.

Jumamosi, saa chache kabla ya sherehe, Hanna alikuja jikoni kunitafuta. Shangazi akamshika mkono, akampapasa yule sato kwa kidole. Alimsifu kwamba ni kama anapumua, akataka kujua ni fundi gani wa huko Ulaya aliyemchora.

"Ni Kabula," Hanna akasema, akinionyesha. "Alinichora Mkuyuni."

Shangazi alinifunua kanga polepole, akauweka mkono wangu kando ya mkono wa Hanna. Aliwatazama wale sato wawili kama mtu anayechagua samaki sokoni.

"Kwa hiyo wa kwake ni mzuri na wangu ni uhuni?" nikamuuliza.

"Yeye ni mgeni, atakwenda zake," alisema. "Wewe ni wetu. Watu watasema tumekulea vibaya."

Hasira niliyoibeba tangu jana ilichanganyika na kitu kingine, maana alisema "wetu" bila kusita.

Tekla alitokea mlangoni, uso nusu umepakwa poda. Alikuwa amesikia. Alimwambia mama yake kwamba bila Kabula haingii ukumbini, wageni wale pilau waende kwao. Shangazi aliitazama ile pilau, akamtazama binti yake, akanivua kanga mwenyewe.

Tuliingia ukumbini mimi na Tekla, mkono kwa mkono. Kulikuwa na minong'ono, nisidanganye. Kisha mshereheshaji akamwona sato wa mkononi mwangu, akatangaza kwamba bibi harusi amekuja na kitoweo chake, ukumbi ukacheka, vigelegele vikafuata, tukacheza hadi viatu vikatushinda.

Jumapili asubuhi, safari ya kurudi. Nilitembea kwenda gatini nikiwaza nilichojifunza: ngozi ya Hanna ni ya Hanna, lakini yangu ina wenyewe, ukoo mzima, na kila mmoja wao ana maoni. Hilo halikunipendeza, na bado halinipendezi. Ila sasa najua ninabishana na nani.

Kabla sijapanda meli Shangazi alinivuta nyuma ya mizigo, akahakikisha hakuna anayesikiliza, akaniuliza kama ile sindano yangu inaweza kuchora nyusi, maana zake zimeanza kupukutika.

"Inaweza," nikasema. "Lakini Shangazi, watu watasema umelelewa vibaya."

Alijipapasa nyusi kwa kidole.

"Walionilea wameshakufa wote," akasema. "Nije lini?"