Mpira wa Baiskeli Kiunoni

Nakumbuka siku moja ya mavuno pale Chimala, mwanangu, nilipolala chali macho yangu wazi, nikawasikia watu wakiungojea utumbo wangu ufufuke. Usicheke kwanza.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita, umri ambao mwanamume hujiona kijana mpaka ainame kufunga viatu. Kazi yangu ilikuwa kupakia magunia ya mpunga kwenye malori, yale ya lumbesa yaliyojazwa kupita kipimo, na nilipenda kutazamwa. Uvimbe ukaanza kwenye kinena, upande wa kulia. Nikisimama unatoka, nikilala unarudi. Kwetu kwenye mashine za kukoboa mpunga, kila maumivu ya chini ya kitovu huitwa ngiri, na kila ngiri ina mzizi wake sokoni. Nikanywa mizizi. Kisha nikakata mpira wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo, nikajifunga kiunoni na kuupitisha kwenye mapaja ili uvimbe usichungulie. Wapakiaji wengi tulifanya hivyo, nilikuja kujua baadaye, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Mke wangu, Mama Tumaini, aliuona.

"Baba Tumaini, mbona unajifunga kama gunia la mkaa?"

"Mgongo tu huu."

Nilimdanganya mwaka mmoja na nusu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami niliyekwisha kuzaa nikadhani hayanihusu.

Siku hiyo nikainua gunia, uvimbe ukatoka, ukagoma kurudi. Ukawa mgumu, nikaanza kutapika. Mama Tumaini akanipeleka hospitali kwa bajaji, akinisema njia nzima huku analia.

Daktari alikuwa binti tu, rika la Tumaini wangu. Aliukata ule mpira kwa mkasi.

"Baba, utumbo umepenya kwenye msuli, ukabanwa. Damu haifiki. Ukioza tutaukata, na tukichelewa tutakupoteza. Hukumwambia mtu?"

Nikatazama ukuta. Aibu niliyoikimbia kwa mke wangu nilikutana nayo mbele ya mtoto wa mwenzangu.

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikapotea, wakanitundikia kitambaa nisione. Masikio hayakuzibwa. Nikamsikia daktari akisema, "Utumbo mweusi." Akaagiza maji ya chumvi ya uvuguvugu, wakaufunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa, wakasubiri. Nilijua kinachongojewa, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Ndipo binti yule akasema taratibu, "Rangi inarudi. Jamani, tazameni, unacheza!"

Mwanangu, nililia. Miaka yote ile nimebeba ndani yangu kiumbe kile kinachofanya kazi bila kuniomba shukrani. Nami nilikuwa nimekifunga mpira. Hata hivyo kilikubali kuishi tena. Mpaka leo nikikaa mezani nikashiba, hujipapasa tumbo kwa mshangao.

Baadaye daktari alinieleza kwamba maumivu ya kinena na sehemu za siri yana wazazi wengi. Yaweza kuwa jiwe la figo linaloshuka, au maambukizi ya mkojo au ya korodani. Yaweza kuwa tezi dume, au ugonjwa wa zinaa, na huo nao una dawa, usione haya. Pengine ni msuli tu uliovutika. Aliyelala kitandani hawezi kujua ni lipi, wala muuza mizizi.

Basi nakuusia. Ukiona uvimbe, hata usiouma, nenda ukapimwe. Uvimbe ukigoma kurudi, au korodani ikishikwa na maumivu ya ghafla, au ukakojoa damu, nenda siku hiyo hiyo, mpunga utapakiwa na wengine. Na mkeo akikuuliza, mjibu ukweli, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua nusu, kikaniacha.

Mungu akulegezee ulimi pale mwili wako unapoomba msaada, nawe ufike uzeeni ukiwa mzima, umshangae Muumba kwa afya yako, si kwa kunusurika kama mimi.