Mbwa Aliyekunywa Maji Mbele ya Watu

Juzi nilimpeleka paka wangu kwa daktari wa mifugo hapa Karatu mjini. Nilikuwa nimechoka, maana kwa wiki kadhaa nimekuwa nikifuta mikojo kila kona ya nyumba. Daktari alimtoboa sikio, akaweka tone la damu kwenye kipimo kile kile wanachotumia watu.

"Anakunywa maji sana?"

"Sana."

"Anakula?"

"Kuliko mimi."

"Na bado anakonda," akasema, wala hakuwa anauliza. "Ni kisukari."

Alianza kunieleza habari za sindano, asubuhi na jioni, lakini akili yangu ilikuwa imeshahama. Lile swali la maji lilikuwa limenirudisha uani kwa bibi, kule juu karibu na msitu wa Ngorongoro.

Bibi alikuwa na mbwa jike wa rangi ya kahawia, mlinzi wa mbuzi wake. Fisi walikuwa wakifika hadi kwenye boma, na bila mbwa yule bibi asingelala. Alikula ukoko wa ugali na mifupa kama mbwa wote, mpaka jirani yetu alipopata kazi jikoni kwenye loji moja ya watalii. Tangu hapo kila jioni tulisikia mlio wa mpini wa ndoo, tukajua makombo yamefika: vipande vya keki, mikate ya siagi, chapati za maji zilizolowa asali. Sisi watoto tulichagua kwanza, yaliyobaki yakawa ya mbwa. Alinenepa hadi mgongo ukawa kama meza. Akaacha kufuatana na mbuzi, akawa analala tu kwenye jua akinukia vanila. Bibi aliona fahari. Mbwa mnene, alisema, ni sifa ya nyumba.

Lazima nikueleze na jambo la shule, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Kila walipokuja watu wa chanjo, tuliburuta mbwa wetu kwa kamba za katani hadi uwanjani. Kabla ya siku hiyo mwalimu alituuliza darasa zima: "Mbwa mwenye kichaa anaogopa nini?" Tukaitikia kwa kuvuta, "Maaaji!" Hilo lilijulikana hata na vikongwe ambao hawakuwahi kukanyaga shule. Mbwa anayekunywa maji ni mzima.

Basi mbwa wa bibi alipoanza kumaliza maji ya beseni, hakuna aliyeshtuka. Tulinung'unika tu, kwa sababu ni sisi tuliopanda na madumu kutoka korongoni. Bibi alicheka: "Huyu mbwa au ng'ombe aliyepanda kutoka ukame wa Olbalbal?" Mbwa akawa anakojoa hata mahali alipolala, na sisimizi wakajipanga pale kana kwamba mtu amemwaga soda. Kisha akakonda, ingawa ndoo ya loji aliimaliza kila jioni. Mwishowe macho yakaingia weupe, akawa anajigonga kwenye ua.

Siku moja alipotea njia akaingia kwa watu, akamparamia mtoto. Wanaume wakaja na marungu.

"Bibi, samahani, huyu amechanganyikiwa. Tummalize kabla hajang'ata mtu."

"Umemwona akikimbia maji?"

"Bibi, hata njia haoni!"

"Nimekuuliza maji, sikukuuliza macho. Leteni beseni!"

Beseni likaletwa. Mbwa akalinusa, akainamisha kichwa, akanywa. Akanywa bila kupumzika, watu wamemzunguka, mpaka ulimi ukawa unakwangua bati. Mmoja akaangua kicheko, akaangusha rungu lake. Tukapiga vigelegele. Bibi akamwambia yule msemaji, "Haya, nenda kanywe na wewe tukuone." Walirudi kwao wakicheka, na mbwa akapona marungu.

Hakumaliza mwezi. Alikufa kwa udhaifu tu, karibu na mlango wa zizi.

Daktari wa hapa mjini anasema vitu rahisi. Usimlishe mnyama vitamu, usimwache anenepe, mfanye atembee, na jike asiyezalishwa afungwe kizazi. Akinywa na kukojoa kupita kawaida, akila huku anakonda, mlete mapema. Nilimsikiliza nikitikisa kichwa. Karibu yote hayo tulikuwa tumeyaona kwa macho yetu, na lile kubwa kuliko yote tulilishangilia.

Sasa pale uani kuna vyumba vya kupanga. Mbuzi hakuna, na fisi hawasikiki tena. Bibi alifariki akiamini mbwa wake alikufa kwa uzee. Hadi mwisho aliwasimulia wageni jinsi alivyomwokoa. Waliokuwa wameshika marungu, wengine wamezikwa, wengine walihamia Baray kulima. Jina la ugonjwa nimelipata nikiwa sina wa kumwambia. Na hata bibi angekuwepo, sidhani ningemwambia.