Mwito wa Pumzi Moja

Mama Teófila Huamaní hana dogo. Pita mbele ya mkokoteni wake asubuhi, pale chini ya ngazi za manjano za mtaa wa Villa María, ukohoe hata kwa bahati mbaya, umekwisha. Atakushika mkono, atataka auone ulimi wako, atakuuliza kama jana ulitoka nje na nywele mbichi, na huondoki bila glasi ya emoliente aliyoichanganya kwa ajili ya kifua chako wewe. Maji ya shayiri, mbegu za kitani za kulainisha koo, ndimu na, kwa miaka yote hiyo, majani ya mkaratusi. Anamimina jagi likiwa juu kichwani na glasi chini kiunoni, na tone halimwagiki, na mteja wa siku zote akirudisha glasi huongezewa kidogo bure. Nusu ya watu wa kilima hiki wamelelewa na mkono ule.

Sasa mwanamke huyo huyo ndiye aliyepigwa marufuku kumchua kifua mjukuu wake mwenyewe.

Yalitokea majira ya baridi yaliyopita. Zarela, mtoto wa mwanawe Fidel, alipata mafua. Fidel yuko mgodini huko milimani, anakuja anapokuja. Mkewe Roxana alikuwa kiwandani anashona. Mama Teo akajifunga kibwebwe. Akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa matambara, akachemsha sufuria ya mkaratusi kando ya kitanda mpaka kuta zikatoa jasho. Akamchua mtoto kifua na mgongo kwa ile dawa inayokuchoma mpaka macho, akamzungushia magazeti ndani ya sweta. Ndivyo alivyowafanyia wanawe wote, na wote ni wazima, wamemzidi kimo.

Zarela hakuwa kama wao. Kabla ya chakula cha mchana midomo ilikuwa imebadilika rangi, na mzee Abilio wa bajaji akawakimbiza hospitali huku honi haikauki. Mtoto akawekewa oksijeni. Daktari akasema ni pumu, na ule mvuke mkali, ile dawa ya kuchua na ile hewa iliyofungiwa ndivyo vilivyozidi kumbana.

Roxana hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisimama tu ukumbini, mkoba kifuani, akasema, "Mama, yakitokea tena, mtoto nampeleka Ica kwa mama yangu. Kule kuna jua." Na tangu siku ile hakuonja tena emoliente ya mkwewe. Anapita mbele ya mkokoteni akienda kazini, anaamkia kwa heshima zote, glasi hashiki. We acha tu, ile heshima ilimuuma mama wa watu kuliko matusi.

Lakini Mama Teo si wa kukaa na kulia. Alikwenda zahanati kwa Nesi Consuelo, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, akamwambia, "Nifundishe tangu mwanzo, kana kwamba sijawahi kushika mtoto." Akafundishwa. Kuna pampu ya pumu ya kila siku, hata mtoto akiwa mzima. Kuna ile ya kumwokoa akibanwa, na inapulizwa ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa nyuma, mtoto anavuta hewa mdomoni mwa chupa taratibu. Moshi hapana. Harufu kali hapana.

"Na nitajuaje kama amebanwa sana?" akauliza.

"Mwangalie mbavu, kama zinabonyea akivuta hewa. Halafu mfanye aseme. Mtoto anayemaliza sentensi, mnazungumza. Anayekatika katikati, pampu. Akishindwa kusema, au midomo ikibadilika, usikae naye nyumbani hata kidogo. Pampu, huku mnakimbia."

Sentensi Mama Teo alikuwa nayo. Ni mwito wake wa kila asubuhi, ambao Zarela aliujua kabla hajajua jina lake: Emoliente ya moto, ya shayiri na kitani, amkeni wenye usingizi! Unaitwa kwa pumzi moja, na ile "usingizi" inavutwa mpaka ngazi ya mwisho juu. Basi kila asubuhi bibi akawa anasema, "Haya, niitie wateja," na mtoto anaita, na bibi anasikiliza pumzi inafika wapi, na Roxana, akijiandaa kwenda kazini, naye anasikia.

Mwezi wa saba, ukungu ulipokwisha kukishika kilima, Roxana akaaga. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho kule Ica; angekwenda peke yake amwuguze, mtoto abaki na bibi. Alikunja nguo, akafunga begi, kisha akasema bila kugeuka, "Nitaangalia na chekechea huko, mama. Nakwambia mimi mwenyewe usije ukasikia kwa watu."

"Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu," akajibu Mama Teo. Zarela ana miaka minne. Analala mgongoni kwa bibi yake, mkono umeshika msuko wa nywele zake. Nyumba ile bila mtoto yule Mama Teo hakutaka hata kuifikiria.

Na mafua nayo, kama yaliyotumwa, yakaja siku iliyofuata. Zarela aliamka pua inachuruzika. Mkono wa bibi ukapanda wenyewe kwenye boriti, kwenye mafungu ya mkaratusi yaliyoning'inia. Alikuwa ameacha kuyachemsha ndani, lakini kuyatupa hakuwa na moyo. Nusu ya biashara yake ilikuwa pale. Alisimama mkono juu. Kisha akayang'oa yote, fungu baada ya fungu, akayatoa nje kwenye manyunyu, akafunga mlango. Leo sitaki nijaribiwe, akasema.

Akachemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi kiasi alichoonyeshwa. Akamtonesha mtoto puani, akavuta kamasi kwa kile kipampu cha mpira, Zarela akipiga mateke na kumwita bibi mbaya. Akamwinua kwa mto wa pili. Akampa maji ya shayiri vuguvugu yenye asali, kidogo kidogo. Mkokoteni ulibaki umefunikwa, na wateja wakaanza kuulizana.

Wa kwanza kugonga alikuwa Gumercinda, jirani wa ukuta mmoja, na simbilisi mweusi, kijinyama cha manyoya cha kufugwa, kwapani.

"Nimesikia mtoto anakohoa, shoga. Nimeleta huyu tumpitishe mwilini, ayatoe mafua yote."

"Ahsante. Hapiti."

"Nani hapiti, mimi au yeye?"

"Wewe karibu. Yeye ana manyoya, yatambana mtoto. Kazi yake leo labda sufuria."

Gumercinda akamkumbatia mnyama wake. "Teófila, si wewe uliyenifundisha? Mwanangu Wilmer alipougua, nani aliniambia nitafute mweusi? Nani aliniambia nifunge dirisha nichemshe mkaratusi?"

"Ni mimi."

"Na Wilmer hakupona?"

"Alipona kwa sababu Wilmer hana pumu. Angekuwa nayo tungemzika, mimi na wewe na mkaratusi wetu." Mama Teo alikuwa amesimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. "Kwa mtoto wa pumu nilikuwa nakosea. Nimekwambia wewe, kawaambie na wenzako."

Hakuna aliyewahi kumsikia Mama Teo akisema amekosea. Gumercinda akaondoka na simbilisi wake.

Mzee Abilio akafuata, na kopo la dawa ya kuchua na rundo la magazeti. "Ya jana, bado makavu."

"Hayaingii, Abilio."

"Basi kila kitu hakiingii. Msaada gani unautaka wewe mwanamke?"

"Lete bajaji hapa mlangoni, igeuze itazame barabarani, halafu uizime. Moshi sitaki. Ukae humo humo."

Akaileta, akaizima, akakaa anasoma magazeti ambayo yangekaa kifuani mwa mtoto.

Adhuhuri kikohozi kikabadilika. Kifua kikaanza kupiga mluzi, na kati ya mbavu ngozi ikawa inabonyea kidogo kila Zarela akivuta hewa. Mama Teo akamkalisha wima mapajani.

"Haya, mjukuu wangu. Niitie wateja."

"Emoliente... ya moto... ya..." Zarela akasimama hapo. Akamtazama bibi yake kama anayeuliza kilichobaki kimekwenda wapi.

Mama Teo aliogopa. Aliuona ule ukumbi wa hospitali, akamwona Roxana na mkoba kifuani. Lakini mikono ilijua kazi. Akatikisa pampu, akaichomeka kwenye chupa, akabonyeza. "Vuta, mama. Taratibu, kama unanusa supu. Tena." Akangoja, akabonyeza tena kama alivyofundishwa. Simu ilikuwa begani, sauti ya Nesi Consuelo sikioni.

"Fanya hivyo hivyo. Usipoona nafuu, au ikija ikaondoka, usinipigie tena, njoo naye."

"Bajaji iko mlangoni."

"Vizuri. Mwimbie. Asikuone unaogopa."

Akaimba, vibaya. Nje Abilio alikuwa ameacha kusoma. Gumercinda alikuwa amerudi, bila simbilisi, amesimama kwenye manyunyu na sufuria ya supu ya kuku, hathubutu kugonga. Ndani mbavu zikaendelea kubonyea, kisha kubonyea kukapungua, kisha ule mluzi ukawa mbali. Mabega ya mtoto yakashuka.

"Niitie tena, mama."

"Emoliente ya moto, ya shayiri..." Akapumua. "Na kitani. Bibi, umeimba vibaya."

Mama Teo alicheka mpaka machozi yakamwagika, akamfungulia Gumercinda mlango, akambusu na sufuria yake. Hakubweteka lakini. Mtoto alipokwisha kunywa supu, alimfunga vizuri akapanda naye bajaji mpaka zahanati. Nesi Consuelo akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akatoa stetoskopu masikioni.

"Kimefunguka," akasema.

Neno hilo tu, na bibi alirudi kilimani amekaa mbele kwenye bajaji ya wazi, anapungia watu mkono kama aliyeshinda uchaguzi. Abilio akamwambia ashushe mkono, anamziba barabara. Hakuushusha.

Zile siku zilizobaki ziliendelea vile vile, maji ya chumvi na mateke, pampu na shayiri, na kila asubuhi mwito ukarefuka. Ukafika "amkeni". Ukafika "wenye". Asubuhi aliporudi Roxana, kijua chembamba kilikuwa kimetoboa ukungu, na Mama Teo kwa mara ya kwanza alikuwa ameutoa mkokoteni. Emoliente ilikuwa haina mkaratusi. Wateja walinung'unika, wakatolewa uvivu, wakanywa.

Roxana alishuka kwenye basi la Ica kule barabara kuu, akapanda kilima na begi lake. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kumwambia mkwewe, maana chekechea ameipata, nzuri, yenye bustani. Akafika kwenye kona ya duka la mikate, na ndipo akausikia.

"Emoliente ya moto, ya shayiri na kitani, amkeni wenye usingiziiii!"

Pumzi moja. Sauti nyembamba, haikukatika popote, ikapanda ngazi za manjano mpaka juu, na huko juu mbwa wakaijibu. Roxana akaweka begi chini. Alisimama pale mpaka mtoto akaita mara ya pili, nayo ikafika.

Alipofika mkokotenini, Zarela alikuwa amesimama juu ya kreti, kofia ya sufu mpaka nyusi, pua nyekundu. "Mama, niliugua," akamwambia kwa majivuno. "Bibi alinipiga maji ya chumvi puani na Gumercinda akakatazwa kuingia na simbilisi."

Roxana akamtazama mkwewe. Mama Teo alikuwa anafuta glasi iliyokwisha kuwa safi, na hakuweza kuinua macho.

"Na Ica," akasema hatimaye, "chekechea umepata?"

"Nimepata, mama. Nitawapigia simu leo wampe mtoto mwingine nafasi hiyo." Roxana akanyoosha mkono. "Nipe glasi. Ya moto."

Jagi likapanda kichwani, glasi ikashuka kiunoni, na mkono ule ambao haujawahi kumwaga tone ukamwaga hadi kwenye viatu. Hakuna aliyecheka. Roxana alikunywa yote amesimama, taratibu, akaimaliza, kisha akairudisha glasi mbele ya mkwewe kama wafanyavyo wateja wa siku zote.

"Na nyongeza yangu," akasema.