Fundi wa Nyumba ya Tatu

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Kitomanga, pampu ya maji ilihamishwa pamoja nasi, na bati lake lenye maandishi mekundu: IKIHARIBIKA MWITE FUNDI, NYUMBA YA TATU KUTOKA MSIKITINI. Kule tulikotoka, nyumba hiyo ilikuwa ya fundi pampu. Yeye hakuja nasi, alikwenda Songo Songo kwa wakwe zake. Kijiji kipya kikajenga msikiti mpya, na nyumba ya tatu tukapewa sisi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Hadi leo nikilikumbuka bati lile nakasirika.

Kiangazi pampu ikazimika. Balozi wa nyumba kumi, aliyeletwa kutoka kijiji kingine, alisoma bati akaja mlangoni kwetu.

"Ndugu fundi, pampu imekufa. Twende."

"Mimi fundi wa nguo, ndugu yangu. Wa pampu yuko Songo Songo."

"Bati linasema ni wewe. Au kazi ya kijiji huitaki?"

Baba akaenda, akaizunguka ile mashine, hakujua hata pa kushika. Jioni alishaitwa kupe. Wanawake waliotuletea vitambaa vya Idi walipita na ndoo kwenda kuchimba maji mtoni, wala hawakumsalimia mama. Kesho yake cherehani tuliyokuwa tukiitegemea kwa chakula ikabebwa hadi ghala la kijiji, ikae huko mpaka atengeneze pampu.

Baba alikwenda mwenyewe Songo Songo kumfuata fundi, naye akaitengeneza asubuhi moja tu. Hakuna aliyemwomba baba radhi. Cherehani ilirudi imeliwa na kutu, gurudumu halizunguki, maana waliiweka juu ya magunia ya chumvi. Baba hakudai kitu ila bati lifutwe. Mwenyekiti akamjibu kwamba maandishi ya serikali hayaguswi bila ruhusa ya wilaya. Baba akashika jembe, kazi asiyoiweza, akaifanya kwa uchungu mpaka alipofariki.

Miaka mingi baada ya sisi kuhama nilirudi kuzuru kaburi lake, nikapitia pampuni. Maandishi yalikuwa yanang'aa, rangi mbichi kabisa, maneno yale yale.

"Tunalitunza bati letu," akaniambia mwenyekiti mpya kwa fahari. "Hatujabadilisha hata herufi."

Nikamuuliza kama pampu inafanya kazi. Akasema imekufa siku nyingi, na kila wakienda nyumba ya tatu wanakuta imefungwa.