Salamu ya Sauti Mbili

Nina hasira tangu siku ya harusi ya mjukuu wangu, na naandika kwa sababu nikiisema kwa mdomo nitatukana. Shule niliishia darasa la nne, mwenzangu, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala usicheke. Mkono huu umezoea jembe.

Harusi ilifanyika Lusahunga, pale barabarani kwa malori. Turubai kubwa, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa kama vile navyo vinaolewa, na spika mbili ndefu kuliko mimi. Tangu tufike zilikuwa zinapiga mpaka maharage yanatikisika tumboni mwangu. Nikakaa nikangoja. Mwezi mzima nilikuwa nimemwambia binti yangu, mama wa bibi harusi: "Siku hiyo nitamsalimia mjukuu wangu kwa salamu ya kwetu. Mnipe nafasi." Akanijibu, "Sawa mama, utawekwa kwenye ratiba."

Kwenye ratiba! Mimi niliyewazaa.

Nafasi yangu ikaja baada ya keki. Nikamshika mjukuu mikono, nikavuta pumzi, nikatoa sauti ya kwanza, ile ya juu. Mshereheshaji, mwanamume mwenye suti ya kung'aa na tumbo la kuitangulia, akaja mbio na kipaza sauti. "Shikamoo bibi!" Akanisogezea mdomoni kama ananilisha uji, kisha akampungia mkono mtu wa muziki. Ngoma ikaingia. Dum, dum, dum, chini ya sauti yangu!

"Jamani, bibi anarapu! Bibi wa kizazi kipya! Simu juu, simu juu!"

Watu wote wakasimama, wanacheza, wananipiga picha. Mjukuu wangu naye akacheka, mikono yake ikiwa ndani ya yangu. Nikanyamaza. Wakapiga makofi wakidhani nimemaliza.

Sasa kaa nikueleze walikuwa wanachezea nini.

Mbuba nilikozaliwa, wanawake hawakusalimiana kama watu wanaowahi basi. Jirani akija kutoka ng'ambo ya kilima, bibi yangu mzaa mama aliacha alichoshika, ungo, jembe, hata mtoto mwenye povu kichwani. Nimewahi kuachwa na povu machoni, najua ninachosema. Walishikana mikono karibu na viwiko, vichwa vimekaribiana, na mmoja akaanza kuimba haraka, maneno yanakimbizana: umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, yule mgonjwa, yule mbuzi, mtama umechanua? Mwingine aliitikia ndani ya pumzi ya mwenzake, ee, ee, eeeh, pale pale mwenzake anapovuta hewa, ili sauti isikatike. Ukiwa bondeni unachota maji ungedhani ni mwanamke mmoja asiyepumua. Wanaume walipita pembeni kimya kimya. Haikuwa yao.

Habari zikiisha ndipo yalipokuja majina. Kila mwanamke alikuwa na ya kwao: mama, mama wa mama, mama wa huyo, nyuma, nyuma, mpaka yule wa kwanza aliyefyeka kichaka akapanda migomba. Msichana akiolewa, bibi yake alimsalimia hivyo mbele ya watu, naye akaitikia mpaka mwisho, na hapo ndipo alipokabidhiwa wanawake wake. Huko anakokwenda hana mtu. Siku akitukanwa na mawifi, anainamia mafiga anawaimba, anajua ametoka kwa watu.

Mimi na dada yangu tulijifunza tukimenya mihogo. Iliyolowekwa, ile ambayo harufu yake inakaa vidoleni siku tatu hata ukijisugua na majivu. Dada anaanza, mimi naitikia. Nikichelewa kidogo tu, bibi ananirushia ganda la muhogo. "Umemwacha mwenzio peke yake!" Ukikosea neno alisamehe. Kumwacha mwenzio avute hewa kwenye ukimya, hilo hakusamehe. Tulimenya huku tunaimba mpaka kinu kikaanza nyumba ya pili, na mama jirani kule kwenye kinu akaitikia naye bila kuulizwa, na bibi hakumrushia huyo kitu. Mpaka leo nikinusa muhogo uliolowekwa koo langu linajitayarisha.

Nilipoolewa kuja Runazi, bibi hakuwa na meno. Sauti ilikuwa inapita kwenye mapengo inapiga mluzi, wasichana wakaziba midomo wasicheke. Nikaitikia mpaka jina la mwisho, sikumwacha hata mara moja. Aliponiachia mikono alisema neno moja tu: "Nenda." Nikaenda, kichwa juu. Hakuna zawadi iliyonifaa kama ile. Vyombo vilivunjika, kitenge kikachakaa, mume akafariki.

Dada alibaki Mbuba. Kila nilipokwenda tulisalimiana mlangoni kabla sijatua mzigo, wazee wawili wenye magoti mabovu, tunaimba. Masika yaliyopita tulimzika. Sasa unaelewa kwa nini nilimsumbua binti yangu mwezi mzima.

Basi, baada ya wale watu na simu zao, nikazunguka nyuma ya turubai, kwenye masufuria. Binti yangu alikuwa amevua viatu vya harusi, anasuuza sahani na wapishi. Nikammwagia hasira yote, wapishi wakahama.

"Umempa mtu wa suti salamu ya bibi yangu aichezee!"

"Mama, yule hakujua. Alitaka watu wafurahi."

"Na mwanao? Nimemshika mikono ananichekea usoni! Mtoto wa kwetu gani hajui kuitikia?"

Akaweka sahani chini. Binti yangu si mtu wa kujibu wakubwa, sifa hiyo nampa. Akasema taratibu, "Angeitikiaje, mama? Angefundishwa na nani? Mimi ulinipiga."

Nikataka kumwita mwongo.

Ni kweli. Miaka ile watu walipokuwa wanakimbia vita, wanavuka mpaka na godoro kichwani, kambi zikajaa, huku kwetu kila mtu akawa anamtazama mwenzake mdomoni. Kihangaza chetu na lugha ya waliokuwa wanakimbia zinasikika kama mtu na ndugu yake. Ukifungua mdomo unaulizwa, nyie ni wa upande gani? Niulizwe mimi, ambaye wazee wangu wote wamelala Mbuba! Siku hiyo tulikuwa gulioni, napima maharage. Binti alikuwa na miaka saba, au minane. Akamwona rafiki yake, akamshika viwiko, akaanza salamu kwa sauti, vizuri, vizuri kuliko mimi nilipokuwa mkubwa kama yeye. Mwanamume mmoja akageuka akauliza lile swali. Hakuwa hata askari, alikuwa anauza chumvi. Nikaogopa. Nikampiga mwanangu mdomoni, paa! "Ongea Kiswahili!"

Nyumbani sikuimba tena mbele ya watoto. Nilijiambia nawakinga. Wageni wengi wakarudi kwao, wengine wakabaki, ni majirani zangu, tunaazimana chumvi na majembe, na wao hawajaacha kuimba kwao. Mimi nikaendelea kunyamaza. Hakuna aliyenikataza tena. Nilizoea tu. Nikaenda kuimba kwa dada yangu kama mtu anayekwenda kunywa kwa siri.

Halafu leo natukana spika.

"Unakumbuka kiasi gani?" nikamuuliza.

Akajifuta mikono kwenye kitenge. Akaimba. Mwenzangu, mwanangu ana mvi, lakini ile sauti ilikuwa ya mtoto, haijaguswa, ilikuwa imekaa humo ndani tangu gulioni. Umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje. Nikamwitikia. Tukaenda pamoja, yeye na mimi, wapishi wametutolea macho kutoka mbali, kisha akakatika katikati ya pumzi, kama kamba.

"Nimeishia hapo," akasema. Wala hakunilaumu. Hapo ndipo kofi lilipomkuta.

"Kinachofuata ni majina."

"Majina ya nani, mama?"

Mtu mzima, ameozesha, hamjui mama wa bibi yake. Kosa la nani? Nikaanza kumtajia, kwa kusema tu, bila kuimba. Nikamtaja mama yangu. Nikamtaja bibi. Nikamtaja mama wa bibi. Wa nne nikakwama.

Nikarudi mwanzo, nikaharakisha, labda nitamvuka kwa kukimbia. Nikakwama pale pale. Majina yale sikuwahi kuyasema maishani mwangu, niliyaimba, na kila mara dada alikuwa upande wa pili, sauti yake ikinisukuma kwa anayefuata. Nikapiga sufuria teke, maji yakamwagika. Binti yangu akaona, akanishika viwiko, akaitikia "ee" kunisaidia. Akaitikia mapema mno, kabla sijavuta hewa, na jina halikuja.

Nyuma ya huyo wa nne wapo wengine. Ni wangapi sijui, sikuwahi kuwahesabu. Barabarani honi zilikuwa zinalia, mjukuu wangu anapelekwa kwa watu, na hakwenda na hata mmoja wa wanawake wake.