Wimbo wa Mwisho, Upande wa B

Maishani nimemwonea wivu mtu mmoja tu, lakini huyo nilimwonea bila likizo. Alikuwa mpiga saksafoni wa bendi yetu, mzaliwa wa Kisesa, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kupangusa saksafoni yake kwa leso nyeupe kabla hajamsalimia mtu. Mimi nilikuwa mpiga gitaa la solo. Kabla hajaja, dansi likianza pale Kirumba macho ya watu yalikuwa kwangu. Alipokuja yaliendelea kuwa kwangu, mpaka pale aliposimama yeye.

Bendi ilikuwa mali ya shirika la umma. Vyombo vya shirika, sare za shirika, hata nyimbo zilikuwa za shirika. Ukitunga wimbo ulimpelekea kiongozi wa bendi, naye aliupeleka kwenye kamati. Kamati ilibadilisha maneno mawili ili nayo ionekane imefanya kazi. Kisha tulipanda treni kwenda Dar es Salaam kurekodi redioni, tukaacha utepe hukohuko, tukarudi Mwanza kumsubiri mtangazaji atukumbuke. Nyimbo zangu nne zilipita njia hiyo na jina langu halikutajwa hata siku moja. Sikulalamika. Wakati ule nilidhani ndivyo muziki unavyotengenezwa duniani kote.

Yeye hakuwa na subira hiyo. Katikati ya wimbo, watu wakiwa wamekolea, alikuwa anaacha njia. Anapuliza noti tatu zisizohusika, ananyamaza tulipotarajia apige, halafu anaingia tulipotarajia anyamaze. Kiongozi wa bendi alimwita akamwonya. Alisema samahani mzee, na Jumamosi iliyofuata akafanya vilevile. Kilichoniuma si kwamba alikosea. Iliniuma kwa sababu nilikuwa nimewahi kuzisikia noti zile kichwani mwangu nikaogopa kuzipiga.

Safari moja tulikuwa tunakwenda kupiga Sengerema. Tulifika Kigongo tukakuta pantoni imeharibikia upande wa pili, Busisi, na fundi bado anatafutwa. Tulikaa pale kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Wenzangu walilala chini ya gari. Mimi nilichukua gitaa kavu la mazoezi, lililokuwa na nyuzi tano kwa sababu wa sita ulikatika Magu na hatukuwa na mwingine, nikakaa kwenye jiwe karibu na maji na kulichezea. Sikupiga wimbo wowote. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, vidole vinakwenda vyenyewe huku kina mama wakibishana na wateja bei ya samaki. Yeye alikaa nyuma yangu na redio kaseti yake ndogo ya betri, ambayo alitembea nayo kila mahali. Nilidhani anasikiliza mpira.

Baada ya mwaka hivi mambo yakageuka. Ikawa ruksa kila kitu: mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, viwanda vya minofu ya sangara vikaota ufukweni. Shirika likaambiwa lijitegemee, na la kwanza kutupwa lilikuwa sisi. Vyombo vilifungiwa stoo. Nilipewa barua ya aya mbili, nikafungua kibanda cha kurekodi kaseti Kirumba. Nilikuwa na deki mbili, spika moja kubwa ya kuita wateja, na kaseti tupu kwenye kabati la kioo. Watu waliniletea muziki wa wengine niwanakilie. Saksafoni ilikuwa mali yake mwenyewe, aliachiwa na padri mmoja wa misheni alikojifunzia, kwa hiyo yeye aliondoka nayo kwapani.

Nilisikia anapigia kwaya kanisani, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi, nikamwambia mke wangu kwamba jamaa ameishia kwenye pambio.

"Mbona unalisema kila siku?" mke wangu akaniuliza. "Mtu aliyeishia hatangazwi hivyo."

Kumbe alikuwa amepatana na kanisa. Yeye awapigie kwaya, wao wamwachie studio yao ndogo siku za katikati ya wiki. Siku moja mchana akaja kibandani na kaseti mkononi, ameifunga kwenye ile leso yake nyeupe.

"Ndugu yangu, nimetoa kaseti," akasema. "Yangu mwenyewe. Sina msambazaji, sina kamati. Nimechora na nembo, furu."

"Furu?"

"Si ndiye anamalizwa na sangara? Basi nimempa kazi."

Furu ni samaki mdogo wa ziwa letu, wa kukaangwa watano kwa mpigo. Mtu ana nembo yake, ana kaseti yake, na hakumwomba ruhusa yeyote. Nikamwambia hongera.

Alitaka nimtolee nakala mia moja. Hakwenda kwa vijana wa mjini wenye mashine nzuri kuliko zangu, alikuja kwangu, na hilo nalo nililichukulia vibaya. Nilijiambia kuwa anataka nimwone. Akanieleza kwamba kaseti mama ni ya kanisa na wanaihitaji, kwa hiyo nimrudishie kesho yake. Akaongeza: "Upande wa B, wimbo wa mwisho unaanza na maji tu. Usidhani kaseti imeharibika. Nivumilie, usikilize mpaka mwisho."

Alipoondoka niliiweka kwenye deki. Upande wa A niliusikiliza nimesimama. Ulikuwa muziki ambao sikuwa nimewahi kuusikia ukitoka kwa mtu ninayemfahamu: ngoma za Kisukuma zinakwenda zake, saksafoni inakwenda zake, zinakutana kwa bahati, zinaachana, na hakuna mtu anayeimba. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kaseti yake ya taarabu alisikiliza kidogo akasema, "Huyu ni mgonjwa." Nilimpenda sana mteja yule. Lakini mimi nilijua. Ningeweza kuwadanganya watu wote wa Kirumba, masikio yangu yasingedanganyika.

Upande wa B nilipunguza sauti. Nyimbo mbili za kwanza zilipita kwa mbali. Wa tatu, ule wa mwisho, ulianza na maji kama alivyosema. Maji yanapiga mawe. Sauti za kina mama. Mtu anakohoa. Nikangoja, maji tu. Ndipo hasira iliponishika. Mimi nilitunga nyimbo nne zenye mwanzo, kiitikio na mwisho, nikanyimwa jina, na huyu anachota maji ya ziwa anayatia kwenye kaseti na watu watampigia makofi. Nikabonyeza kitufe, nikazima.

Sikuuwasha tena. Nilitengeneza nakala moja yenye upande wa A mzima na nyimbo mbili tu za upande wa B, na hiyo ndiyo niliyoitumia kutolea zile mia. Deki zangu zilinakili kwa mwendo wa kasi, sauti inatoka kama vifaranga, hakuna anayesikiliza. Kisingizio nilikuwa nacho tayari. Kaseti tupu za siku zile zilipunjwa utepe. Ilikuwa imeandikwa dakika sitini ukapata hamsini na kitu. Angeuliza, ningemwambia kaseti zimepunjwa, na kila mtu Mwanza angeniamini. Kesho yake nilimrudishia kaseti mama, naye akaipeleka kanisani. Nilifanya kwa makusudi na nililala vizuri.

Wiki ilipoisha, Jumamosi, aliniita kwake tukunje karatasi za kutia ndani ya makasha. Zilikuwa zimetoka kwa mpiga chapa siku hiyo, zina wino wa bluu, furu akiwa amepinda kidogo kwa sababu mchoraji alikuwa yeye. Uzinduzi ulikuwa kesho yake mchana, kwenye baa moja ya Nyegezi. Tulikaa mezani, chai pembeni. Nilikunja ya kwanza. Nikakunja ya pili, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, macho yakapata nafasi ya kusoma. Nyimbo zilikuwa sita. Chini ya ule wa sita palikuwa pameandikwa kwamba umerekodiwa Kigongo tukingoja pantoni, na mstari wa chini yake: gitaa, kisha jina langu. Jina langu lote, na la babangu. La kwake lilikuwa la pili.

Nilikunja nyingine, nayo ilikuwa na jina langu.

"Siku ile hukujua nakurekodi," akasema. "Ungejua ungepiga zile zako za kila siku. Nimeisikiliza mwaka mzima, bwana. Ile kaseti ya Kigongo redio imeshaitafuna, bahati nzuri nilikuwa nimeihamishia studio nikapuliza juu yake kidogo. Kidogo tu. Sikutaka kukuharibia." Akanywa chai. "Umeonaje?"

"Nini?"

"Huo wa mwisho. Si umeusikia?"

Hapo ndipo mahali pangu pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, hakuna mtu mwingine chumbani. "Nimeusikia," nikamwambia. "Mzuri."

"Basi kesho tutaupiga, wewe na mimi. Unaanza wewe."

Jumapili nilikuwa kanisani kwao kabla ibada ya pili haijatoka. Fundi wa studio, mzee mpole ambaye mwenyewe aliimba besi, alinipokea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia naomba ile kaseti mama ya saksafoni kwa saa moja tu.

"Ile? Ilishafutika, vijana wamejirekodi juu yake Alhamisi," akasema. "Kaseti nzuri ile, tunaitumia kila mara. Lakini si mlishatoa nakala?"

"Tulishatoa."

Aliona uso wangu akaniwekea nisikilize. Kwaya ya vijana, sauti safi, kinanda. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na kimya kifupi, na kila kilipofika niliinamisha sikio kwenye spika. Mzee wa watu alidhani nimeguswa na neno. Alinipa kiti.

Baa ilijaa kuliko nilivyotegemea. Walikuja wanamuziki wenzetu wa zamani, walimu, na wengine waliokuja kushangaa. Alipiga nyimbo tano na vijana wa ngoma. Wengine walicheka, wengine walisahau chupa zao. Kisha akawaambia kwamba wa mwisho ni wa rafiki yake, akanikabidhi gitaa lenye nyuzi tano. Alikuwa ameutoa wa sita mwenyewe.

Nilikaa. Nilijaribu kulikumbuka lile jiwe, njaa ile, kina mama na samaki wao. Kichwani hapakuwa na kitu. Vidole vikaenda vinakokujua, kwenye solo yangu ya bendi, ile ya kuwainua watu vitini, na kwa nyuzi tano ilisikika kama mlevi anayepanda ngazi. Watu walipiga makofi ya adabu. Yeye hakupuliza. Alisimama na saksafoni mdomoni, akangoja, kisha akaishusha polepole huku akinitazama vidole.

Nilipomaliza alikwenda kwenye meza ya kaseti, akachukua moja, akaitia kwenye redio yake ileile ndogo na kuipeleka mbele hadi unapoishia wimbo wa pili wa upande wa B. Akaweka sikio. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilisikia alichosikia: utepe mtupu unavuma. Ulivuma muda mrefu. Nafasi ya wimbo mzima ilikuwepo na bado ulikuwa unavuma.

"Hukuusikiliza," akasema bila kugeuka.

"Sikuusikiliza."

Nilisubiri anitukane. Mteja wa kwanza alikuwa ameshafika mezani, ameishika ile karatasi ya bluu, anauliza ule wa Kigongo wenye gitaa uko upande gani. Nilifungua mdomo. Akaniwahi.

"Ule haumo, bwana," akamwambia. "Kaseti zimepunjwa utepe. Unazijua kaseti za siku hizi." Akasema hivyo kwa kila mnunuzi mpaka jioni, kwa upole uleule, na mimi nilikaa pembeni yake nikiwa na gitaa mapajani.

Hatukugombana. Alihama Mwanza miaka miwili baadaye, na katikati hapo alinisalimia vizuri kila tulipoonana, ila hakunikaribisha tena kupiga. Wapo watu ambao mpaka leo wananiuliza kuhusu ule wimbo. Wana kaseti, wana karatasi yenye jina langu, wanataka kujua ulikuwaje. Huwa nawaambia sikumbuki, wao hudhani najishusha.

Wivu haukwisha, umehamia mahali pengine tu. Nembo, kaseti, yale makofi, vyote nimemwachia. Lakini mwaka mzima mtu yule alikaa na redio yake akinisikiliza nikipiga kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukisikia. Akifa, hakuna mwingine anayekijua.