Aliyeshangiliwa kwa Kutafuna Firigisi

Dada yake ndiye aliyeniletea habari za kifo cha rafiki yangu, hapa mjini Kakamega, na kabla ya huzuni nilihisi hasira. Wengi wenu mlimsikia marehemu: ndiye aliyeimba mbele ya mafahali wakipelekwa kupigana, sauti yake ikizipita ngoma za isukuti. Kansa ilipomwota ubavuni mwa ulimi, nilikuwa kando yake daktari akimweleza mpango: kwanza dawa kali za dripu kuupunguza uvimbe, kisha upasuaji kuuondoa. "Ukiwa mdogo nitakata kidogo," daktari alisema. "Lakini lazima nikate."

Dawa zilimpukutisha nywele, zikamtapisha, kisha uvimbe ukanywea. Nyumbani wakaandaa maombi ya shukrani pamoja na watu wa kanisa. Ugali ukaja na kuku, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma, ikawekwa mbele ya mtu aliyekuwa akiishi kwa uji. Akaitafuna polepole, sote tukimtazama. Akameza. Vigelegele! "Sasa huyo daktari anataka kukata nini?" mjomba wake akauliza, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimvuta nje nikamuuliza kuhusu oparesheni.

"Profesa, wewe unafikirianga sana," akanitania. "Hata ukipewa chai unauliza kama ng'ombe alikuwa mzima. Nitaenda. Nimekuahidi."

Kila nilipouliza tena, alijibu kwamba daktari ameahirisha. Mimi ninayetilia shaka hata salamu, nilimwamini yeye. Kumbe hakukanyaga tena hospitali.

"Aliogopa akikatwa ulimi hataimba," dada yake aliniambia. "Na sisi tulikuwa tumeshashukuru mbele ya kanisa. Tungerudi kumwambia Mungu bado?"

Uvimbe uliporudi ulishuka hadi shingoni, na sauti aliyoikinga na kisu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Nimeligeuza jambo hili kichwani mpaka nimechoka. Alinisaliti kwa uongo, lakini yeye naye alisalitiwa na shangwe zetu, maana nani angesimama katikati ya vigelegele aseme naogopa? Dawa na kisu vilikuwa tiba moja. Sisi tulisherehekea nusu yake. Basi, msomaji, mgonjwa wako akianza kula, furahi naye, kisha muulize mbele ya watu wote ni lini anarudi hospitali, na umsindikize. Kuku mchinjeni. Lakini firigisi mwekeeni mpaka atoke kupasuliwa.